"Ofisi Husika" Ni Ipi? Pa Kupata Msaada wa Kulea Watoto Wenye Ulemavu Pamoja na Wenzao

Haya ni maneno ya afisa wa mawasiliano wa kaunti mbele ya wazazi, wenye vituo vya kulelea watoto na wahudumu wa afya ya jamii waliokutana katika ukumbi wa kijamii. Tunayachapisha kwa ajili ya wakazi ambao hawakuweza kufika.



Nimepewa dakika ishirini. Nitaanza na kosa langu mwenyewe.

Kazi yangu ni kuandika. Tangazo mnalosoma katika jarida hili, au mnalolisikia redioni, mara nyingi limepitia mezani pangu. Na kwa miaka kadhaa, kila nilipoandika juu ya watoto wenye ulemavu, nilimalizia kwa sentensi ileile: "Kwa maelezo zaidi, wasiliana na ofisi husika." Haina kosa la sarufi, na inajaza vizuri nafasi iliyobaki chini ya ukurasa.

Kisha dada yangu mdogo akanipigia simu.

Yeye hufua nguo hotelini. Zamu yake inaanza saa kumi na mbili asubuhi. Mwanawe ana miaka mitatu na ana mtindio wa ubongo. Anaelewa anachoambiwa, anacheka, anajua jina lake, lakini shingo na mgongo havijakaza, na mikono haimtii. Kituo cha kwanza alichompeleka walimwambia, "Sisi hatuna mwalimu wa watoto hao." Kituo cha pili walimpokea kwa malipo maradufu, na baada ya wiki mbili wakasema anawasumbua wenzake. Kituo cha tatu, mama mwenye kituo hakumfukuza. Alimtazama mtoto kwa muda, kisha akauliza: "Nani atanionyesha jinsi ya kumlisha? Naogopa atapaliwa mikononi mwangu."

Dada yangu hakuwa na jibu. Ndipo akanipigia. "Dada, wewe uko kaunti. Hiyo ofisi husika mnayoandika kila siku ni ipi?"

Nilinyamaza. Sikuijua.

Ikabidi achukue likizo bila malipo. Mtoto akawa analala mkekani mchana kutwa, anatazama dari. Baada ya muda hotelini wakamwambia mama yake kwamba nafasi yake haiwezi kusubiri. Hivyo ndivyo familia inavyoingia shidani. Huanza na mama mmoja mwenye kituo ambaye ameuliza swali la maana na hakuna aliyemjibu.

Basi nikaenda kutafuta jibu, ofisi kwa ofisi. Niliyoyapata ndiyo niliyowaletea leo.

Watoto ambao hatukuwahesabu

Kwanza, tusidhani ni watoto wachache. Sensa ya mwaka 2019 ilitaja Wakenya zaidi ya 900,000 wanaoishi na ulemavu, yaani asilimia 2.2. Lakini sikilizeni vizuri: hesabu hiyo ni ya watu wenye umri wa miaka mitano kwenda juu. Watoto wanaokaa katika vituo vyenu ni wa miezi sita, mwaka, miaka mitatu. Hawamo katika idadi hiyo. Kwa hivyo mtu akikuambia kwamba katika mtaa wake hakuna mtoto wa namna hiyo, mwulize ni nani aliyewahesabu.

Sheria haikuwasahau. Kifungu cha 54 cha Katiba kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kuheshimiwa utu wake, na haki ya kufika katika taasisi za elimu zinazomweka pamoja na jamii. Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 inataja matibabu, malezi maalum, elimu na mafunzo kwa mtoto mwenye ulemavu. Na Jedwali la Nne la Katiba limeweka elimu ya chekechea na vituo vya kulelea watoto mikononi mwa serikali za kaunti. Kwa hivyo jambo hili ni letu, hatuwezi kulisukuma Nairobi.

Lakini sheria haimlishi mtoto uji. Twende kwenye milango.

Mlango wa kwanza: kliniki, pamoja na mlezi

Kila mama hapa ana kijitabu cha mama na mtoto. Wengi wetu tunafungua kurasa za chanjo na uzito tu. Humo ndani kuna ukurasa wa hatua za ukuaji: lini mtoto anatarajiwa kushika shingo, kugeukia sauti, kukaa, kusimama, kutembea, kusema. Mtoto ambaye miezi tisa imepita na bado hakai, au ambaye miezi kumi na minane imepita na bado hatembei, apelekwe kliniki, asisubiri. Usiambiwe "baba yake pia alichelewa" ukanyamaza. Mhudumu wa afya ya jamii anayepita nyumbani kwako naye anaweza kukuandikia rufaa.

Hospitali kubwa za umma zina wataalamu wa tiba ya viungo, na wale wa tiba ya utendaji wanaomfundisha mtoto kula, kuvaa na kushika vitu. Na hapa ndipo nilipopata jibu la yule mama wa kituo cha tatu. Jibu lilikuwa hospitalini muda wote. Dada yangu alikuwa akimpeleka mwanawe kwa mtaalamu huyo kila mwezi. Mtaalamu alimjua mtoto. Mama alijua kumlisha. Aliyekuwa hajui ni yule ambaye angekaa naye saa kumi kwa siku, na hakuna mtu aliyewahi kumwalika.

Kama mtasahau mengine yote, hili likumbukeni: siku ya kliniki, nenda na mlezi. Mlipie nauli. Mwombe mtaalamu amwonyeshe kwa vitendo, mtoto akiwa mapajani mwake. Wengi watakubali, kwa sababu mazoezi yanayofanywa mara moja kwa mwezi hospitalini hayatoshi. Yakifanywa kila siku kituoni, mtoto anapata nafuu.

Mlango wa pili: kituo cha tathmini, EARC

Mlango huu wazazi wengi hawaujui. Tangu mwaka 1984 Kenya ina vituo vya tathmini na nyenzo za elimu, tunavyoviita EARC. Viko chini ya Wizara ya Elimu, na mara nyingi utavikuta ndani ya uwanja wa shule ya msingi, shule maalum au karibu na ofisi ya elimu ya kaunti ndogo. Maafisa wake humpima mtoto jinsi anavyoona, anavyosikia, anavyosogea, anavyoongea na anavyoelewa. Kisha wanakushauri ni mahali gani patamfaa na ni msaada gani anaouhitaji.

Huhitaji kusubiri afikishe umri wa kwenda shule. Nenda naye mapema. Beba cheti cha kuzaliwa, kijitabu cha kliniki na karatasi zozote za hospitali. Kama cheti cha kuzaliwa hakipo, anza na chifu leo, kwa maana milango mingi iliyobaki inakiuliza.

Mkitoka hapo na ripoti, msiifungie kabatini. Mpe mlezi nakala. Mwenye kituo naye anaruhusiwa kuuliza swali EARC: nina mtoto asiyesikia vizuri, nimketishe wapi? Hilo ni swali la kazi kwao, hawatakushangaa. Nao wakishindwa, kuna taasisi ya elimu maalum ya kitaifa, KISE, iliyoko Kasarani, Nairobi, ambayo tangu mwaka 1986 inafundisha walimu wa elimu maalum na ina kituo chake cha tathmini.

Mlango wa tatu: Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu

Baraza hili, kwa kifupi NCPWD, lina maafisa katika kaunti. Kazi ya kwanza ni kumsajili mtoto. Utahitaji tathmini ya kiafya kutoka hospitali ya serikali iliyoidhinishwa kufanya kazi hiyo, cheti cha kuzaliwa, kitambulisho cha mzazi na picha ya pasipoti ya mtoto. Ndiyo, mtoto mchanga anaweza kusajiliwa.

Wazazi wengine wananiambia, "Sitaki mwanangu apewe kadi ya ulemavu, ni kumwekea alama." Nawaelewa. Lakini kadi haileti ulemavu. Ni kupitia usajili ndipo unapoweza kuomba kiti cha magurudumu, kifaa cha kusikia au msaada mwingine wa Baraza. Bila usajili, ombi lako halina pa kuanzia.

Kuna pia mpango wa Inua Jamii, ambao hutoa shilingi 2,000 kwa mwezi kwa kaya zinazomtunza mtu mwenye ulemavu mkubwa. Si kila anayeomba anaingia, na orodha hufunguliwa kwa vipindi. Ulizeni kwa chifu na kwa ofisi ya maendeleo ya jamii ni lini usajili unafunguliwa, na mhakikishe jina la mtoto limeandikwa kama lilivyo kwenye cheti.

Mlango wa nne: mashirika, na lipi kwa mtoto gani

Mashirika ni mengi na majina yanafanana. Msiyapigie yote. Anzeni na hali ya mtoto.

Mtoto mwenye ulemavu wa viungo au mtindio wa ubongo, muulizieni Association for the Physically Disabled of Kenya, APDK, iliyoanza mwaka 1958. Sisi wa Pwani tunaifahamu kwa karakana zake za Bombolulu, lakini kazi yake kubwa ni tiba ya viungo na vifaa vya kusaidia kutembea na kuketi. Ipo pia Cerebral Palsy Society of Kenya.

Mtoto mwenye usonji, ipo Autism Society of Kenya, iliyoanzishwa na wazazi wenyewe. Mwenye Down syndrome, ipo Down Syndrome Society of Kenya. Mwenye ulemavu wa akili, ipo Kenya Association of the Intellectually Handicapped, KAIH, ambayo inakusanya wazazi katika vikundi. Aliyezaliwa na mgongo wazi au maji kichwani, ipo Spina Bifida and Hydrocephalus Association of Kenya. Asiyeona, Kenya Society for the Blind. Asiyesikia, Kenya National Association of the Deaf. Asiyeona na pia hasikii, Sense International hufanya kazi ya aina hiyo hapa nchini.

Ukipiga simu, usiulize tu, "Mnasaidia?" Uliza maswali matatu. Je, mna kikundi cha wazazi karibu na hapa? Je, mnaweza kumfundisha mlezi wa kituo, au kumwelekeza kwa anayefundisha? Je, kuna gharama yoyote, na inalipwa wapi? Andika jina la aliyekujibu na tarehe.

Na kuna onyo. Mtu akikuomba pesa taslimu ili "akuingizie jina", kataa. Akitaka kumpiga mtoto picha kabla hata ya kumjua jina, kataa. Shirika lolote litakaloomba umwachie mtoto akaishi kwao, simama kwanza. Wewe ulitafuta pa kumwacha mchana ili uende kazini, hukutafuta pa kumwacha maisha. Sera ya nchi sasa inaelekeza watoto walelewe katika familia na si katika taasisi. Omba kuona cheti cha usajili, na uulize kwenye ofisi ya watoto. Ukishuku mtoto anadhulumiwa au amefungiwa ndani, namba 116 ni ya bure, usiku na mchana.

Kwa nyinyi akina mama wa vituo

Nimewasikia mkisema kwamba lawama zote zinawaangukia nyinyi. Mlezi mmoja ana watoto kumi na wawili, chumba kimoja, choo cha kushirikiana na wapangaji. Ni kweli. Kwa hivyo sitawaambia kwamba ni rahisi. Nitawaambia tu mambo niliyofundishwa na wataalamu, ambayo hayahitaji pesa nyingi.

Mtoto ambaye mwili wake haujakaza asilishwe akiwa amelala. Aketi wima, kichwa kiiname mbele kidogo na kisiangukie nyuma. Tumia kijiko kidogo, na subiri ameze kabla ya kijiko kingine. Uzito wa uji unaomfaa, mtaalamu ndiye atakayekuonyesha.

Kiti cha kumshikilia si lazima kitoke ng'ambo. Kuna ufundi uliokuzwa Zimbabwe na kuenea Afrika, wa kutengeneza viti na meza kwa katoni na karatasi zilizogandishwa kwa gundi ya unga. Kikikauka na kupakwa rangi, kinabeba mtoto. Ulizeni wataalamu wa hospitali au APDK ni nani anayeufahamu karibu nanyi, kwa sababu kiti kinapaswa kupimwa kwa mwili wa mtoto mwenyewe.

Mtoto mwenye usonji husaidiwa na ratiba isiyobadilika na kona tulivu ya kujitenga kelele zikizidi. Asiyesikia vizuri aketi mahali anapoona uso wako. Mtoto akishikwa na kifafa, mlaze kwa ubavu, ondoa vitu vigumu vilivyo karibu, usimtie kijiko wala kidole mdomoni, na utazame saa. Dakika tano zikipita na hajatulia, akimbizwe hospitalini.

Na kabla ya kumpokea au kumkataa mtoto, muulize mzazi maswali haya: Anakulaje? Analalaje? Anaonyeshaje kwamba ana njaa au anaumwa? Anatumia dawa gani, na saa ngapi? Nani hospitalini anamjua, na naweza kuonana naye lini? Mkikubaliana, jaribuni wiki moja ya saa chache kwa siku, mzazi akiwa karibu. Wengi wanaosema "siwezi" hawajawahi kupewa wiki ya kujaribu.

Jambo ambalo bado halina mlango

Sasa niseme lililobaki, kwa sababu nisiposema nitakuwa nimerudia kosa langu la zamani.

Katika milango yote niliyobisha, sikupata mmoja unaolipa mshahara wa mlezi wa pili. Na hapo ndipo vituo vingi vinakwama. Mafunzo yapo, ushauri upo, hata kiti kinaweza kupatikana. Lakini mlezi mmoja mwenye watoto kumi na wawili hawezi kumlisha mmoja kwa nusu saa huku kumi na mmoja wanalia. Mimi ni afisa wa mawasiliano. Siwezi kuwaahidi pesa ambazo bunge la kaunti halijapitisha.

Ninachoweza ni kuwaambia siku. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya mwaka 2012 inataka mkakati wa fedha wa kaunti ufike bungeni kufikia tarehe 28 Februari, na makadirio ya bajeti kufikia tarehe 30 Aprili. Kabla ya tarehe hizo huwa tunaita wananchi watoe maoni. Nimehudhuria mikutano hiyo kwa kazi yangu. Watu husimama kuomba barabara, maji, taa za mtaani, na wana haki. Sijawahi kumsikia mtu akisimama kuomba mlezi wa pili kwa kituo kinachompokea mtoto mwenye ulemavu. Njooni. Njooni kumi. Njooni na ombi lililoandikwa, lenye idadi ya watoto na majina ya vituo. Ombi lililoandikwa linawekwa kwenye kumbukumbu, na likiwekwa kwenye kumbukumbu lazima mtu alijibu.

Na mpaka siku hiyo, wahenga wetu walisema mkono mmoja haulei mwana. Wazazi wawili au watatu katika mtaa mmoja mnaweza kuchangia siku chache za mlezi wa ziada. Anzeni kwa kufahamiana. Kabla ya kuondoka ukumbini leo, kuna daftari pale mlangoni. Andika jina lako na mtaa wako, ili tuwaunganishe.

Mwishowe, habari za mpwa wangu. Yule mama wa kituo cha tatu alikubali kwenda hospitalini asubuhi moja na dada yangu. Mtaalamu alimkalisha, akamweka mtoto mapajani mwake, akamshika mkono wa kijiko. Walimaliza nusu bakuli. Mtoto alianza kwa saa mbili kwa siku, kisha nne. Sasa anakaa kituoni mpaka jioni, isipokuwa siku ambazo mama huyo yuko peke yake. Siku hizo dada yangu hubadilishana zamu, au hukosa. Kazi ya hotelini ilikwisha, amepata nyingine yenye mshahara mdogo. Mtoto bado hatembei. Lakini wenzake wanajua kwamba akicheka kwa sauti anataka mpira usukumwe kwake, na wanausukuma.

Na mimi nimebadilisha jambo moja katika kazi yangu. Kuanzia toleo hili, ukurasa wa nyuma wa jarida utakuwa na orodha ya milango hii: kliniki yenye wataalamu, EARC ya kila kaunti ndogo, afisa wa Baraza, ofisi ya watoto, jengo liko wapi, unabeba nini, siku gani. Kikibadilika kitu, tuambieni tukirekebishe. Na mkinikuta tena nimeandika "ofisi husika", mnipigie simu kama alivyonipigia dada yangu, mniulize: ni ipi?